Mkarafuu, Mgeni Aliyetusomesha


Nauli, sare na madaftari yangu katika shule hii yalitokana na mikarafuu ya babu yangu, Pemba. Nilidhani mti ule ni wetu tangu asili. Kumbe ni mgeni. Ni jamaa wa mzambarau na mpera, na kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Karne ya 17 Waholanzi waling'oa mikarafuu ya visiwa vingine, wakaibakisha Ambon na jirani zake, ili bei waitawale wao. Mwaka 1770 Wafaransa waliitorosha miche hadi Mauritius. Mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Huko watumwa ndio walioipanda na kuichuma. Tusiwasahau. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mingi ya Unguja, ya Pemba ikanusurika zaidi.

Ya babu haikuangushwa na kimbunga. Imekufa kwa uzee, nami niko mjini. Mwaka jana nilirudi nikapanda miche 20. Mkarafuu hauzai kabla ya miaka kadhaa, huenda nisiichume. Babu naye alipanda hivyo hivyo.