Arshi Yenye Magurudumu: Batini ya Kiyahudi, Wakristo wa Kwanza na Vilemba vya Eastlands

Jumapili asubuhi, kabla wauza mitumba hawajamaliza kupanga nguo zao, Barabara ya Jogoo katika Eastlands ya Nairobi huwa na misafara miwili. Mmoja ni wa matatu. Mwingine ni wa watu waliovaa kanzu nyeupe, wenye ngoma na bendera, wakiimba huku wanatembea: waumini wa African Israel Church Nineveh, kanisa lililoanzishwa mwaka 1942 na Daudi Zakayo Kivuli huko magharibi mwa Kenya. Ng'ambo ya pili, Dandora na Kayole, Wakorino wenye vilemba vyeupe wanaingia katika makanisa ya mabati. Nje ya mlango viatu vimepangwa: akala, raba, viatu vya shule vya watoto. Ndani ni miguu mitupu, kama Musa alivyoamriwa mbele ya kijiti kilichowaka moto.

Majirani wamezoea kuwaona, lakini wengi hawajui wawaweke wapi. Wako wanaosema hizo ni mila za Kiafrika zilizovikwa jina la Yesu, na wako wanaosema ni Uyahudi wa kuigiza. Mhadhara huu unashika njia nyingine. Ndoto, mavazi meupe, mfungo, kesha na matumaini ya kuona mbingu zikifunguka ni mambo yaliyokuwa katikati ya Ukristo tangu ulipozaliwa, kwa sababu ulizaliwa miongoni mwa Wayahudi waliokuwa na elimu yao ya batini. Wakorino hawakuyachukua pembezoni.

Kwanza, kosa moja liondolewe. Wahubiri wengine hudai kwamba Yesu alifundisha Kabala. Haiwezekani. Kitabu kikuu cha Kabala, Zohari, kilijitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13, zaidi ya miaka 1,200 baada ya Yesu. Elimu iliyokuwapo zama zake ni ya zamani zaidi, na Wayahudi waliiita kwa jina la Merkava, yaani gari la enzi. Masikio ya Mswahili hayapaswi kuliona neno hilo kuwa geni. Linatokana na mzizi uleule wa Kisemiti uliotuletea merikebu kupitia Kiarabu: mzizi wa kupanda chombo na kusafiri.

Gari lenyewe ni lile aliloliona Ezekieli kando ya mto Kebari, Babeli, yapata mwaka 593 kabla ya Kristo. Viumbe hai wanne, magurudumu yaliyojaa macho, juu yake anga, juu ya anga kiti cha enzi, na juu ya kiti umbo mfano wa mwanadamu. Wasomaji wengi hushangazwa na macho na mabawa, wakayapita magurudumu. Lakini Ezekieli alikuwa mateka. Watu wake walifundishwa kwamba Mungu anakaa Yerusalemu, na Yerusalemu ilikuwa mbali. Sasa anaonyeshwa arshi yenye magurudumu, arshi iliyowafuata mateka mpaka ugenini. Kwa mtu aliyetoka Murang'a au Siaya akaja kuishi chumba kimoja Makongeni, nyumba za wafanyakazi wa reli, habari hiyo haihitaji mfasiri.

Kutokana na maono hayo Wayahudi walijenga elimu nzima: namna ya kufunga, namna ya kuomba, tabaka za mbingu, majina ya malaika wanaolinda milango. Watu wa Qumran, ambao magombo yao yalianza kupatikana mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi, waliacha nyimbo za Sabato ambamo malaika wanahudumu kama makuhani katika hekalu la mbinguni, na magurudumu ya arshi yenyewe yanasifu. Ufunuo wa Yohana, sura ya nne, umesimama hapohapo: arshi, viumbe hai wanne, na wimbo wa Mtakatifu mara tatu ambao Isaya aliusikia. Wimbo huo Wayahudi huusoma katika sala yao iitwayo Kedusha. Wakatoliki na Waanglikana wa Buruburu huuimba kila Jumapili kabla ya kuwekwa wakfu mkate na divai, na wakiuimba wanajiunga na malaika wa Isaya. Kwa hiyo hata yule muumini wa suti na tai anayemtazama Mkorino kwa mashaka ana kipande cha Merkava kinywani mwake.

Paulo naye. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho, sura ya 12, anasimulia habari za mtu aliyenyakuliwa miaka 14 iliyopita mpaka mbingu ya tatu, mpaka Peponi, akasikia maneno yasiyoruhusiwa kutamkwa. Wengi wa wafafanuzi wanakubali kwamba anajizungumzia mwenyewe. Gershom Scholem, mwanachuoni wa Yerusalemu ambaye kitabu chake cha mwaka 1941 ndicho kilichoipa elimu hii heshima katika vyuo vikuu, alikuja kuonyesha mwaka 1960 kwamba maneno ya Paulo yanafanana na simulizi ya Kiyahudi ya marabi wanne walioingia bustanini, yaani Peponi. Peter Schäfer, kwa upande wake, ameonya wasomaji wasiharakishe kuunganisha maandiko ya zama tofauti. Onyo hilo ni la haki, kwa maana vitabu vya Kiyahudi vinavyoeleza safari za kwenda kwenye majumba ya mbinguni viliandikwa baada ya Paulo. Hata hivyo Ezekieli, Danieli na Henoko walikuwapo kabla yake, na hao wanatosha.

Henoko anatuleta Eastleigh, kwa Waethiopia. Kitabu chake, kinachosimulia alivyopandishwa mbinguni akaona nyumba ya moto na arshi yenye magurudumu kama jua, kilipotea kwa Wakristo wa Ulaya kwa karne nyingi. Ethiopia haikukipoteza. Kanisa la Orthodox Tewahedo lilikihifadhi kizima katika lugha ya Kigeʽez, nalo hukihesabu kuwa Maandiko Matakatifu. Msafiri wa Kiskoti James Bruce alirudi Ulaya na nakala zake mwaka 1773, na Richard Laurence akatoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1821. Baadaye vipande vya nakala 11 za Kiaramu vilitambuliwa miongoni mwa magombo ya Pango la 4 la Qumran, ikathibitika kwamba Waethiopia walikuwa wametunza kitu cha Kiyahudi cha kale kweli. Waraka wa Yuda, aya ya 14 na ya 15, unamnukuu Henoko waziwazi. Mchungaji wa Umoja anayehubiri kutoka Yuda ananukuu, pengine bila kujua, kitabu ambacho jirani zake Waethiopia wa Eastleigh wamerithi kanisani mwao.

Ndani ya Henoko kuna sehemu iitwayo Mifano, ambamo Mwana wa Adamu anaketi juu ya kiti cha utukufu na kuwahukumu wafalme. Mathayo, sura ya 25, inatumia picha hiyohiyo. Na hapa Kiswahili kinastahili kutazamwa kwa makini. Katika Biblia ya Union ya mwaka 1952, Ezekieli anaitwa mwanadamu, zaidi ya mara 90. Danieli anamwona mmoja mfano wa mwanadamu. Tukifika kwenye Injili, Yesu anaitwa Mwana wa Adamu. Watafsiri walikuwa na sababu zao, lakini neno limegawanyika mara mbili, na msomaji asiyeambiwa hawezi kujua kwamba Yesu alipojibu mbele ya kuhani mkuu alikuwa akiirejelea ile arshi ya Danieli. Ndiyo maana kuhani alirarua mavazi yake.

Kuna kitabu kingine ambacho ni Kigeʽez tu kilichokitunza kizima: Kupaa kwa Isaya, kazi ya Wakristo wa mwanzo. Isaya anapanda mbingu saba. Mwislamu wa Pumwani anayesoma Miraji katika mwezi wa Rajabu atazijua hizo mbingu saba mara moja. Kila anapopanda, sura ya Isaya inabadilika kwa utukufu, na katika mbingu ya saba anaonyeshwa mavazi, mataji na viti vilivyowekwa kwa ajili ya wenye haki. Vazi ndilo hati ya kuingilia.

Basi mtu aitazame tena kanzu ya Mkorino, Jumamosi jioni, katika ploti ya Dandora. Maji ya mfereji hayajatoka tangu Alhamisi. Mama amenunua mitungi miwili ya lita 20. Nguo nyeupe zinafuliwa peke yake, zinasuuzwa mara mbili, na maji ya mwisho yanatiwa bluu. Kilemba kinaanikwa juu kabisa, mbali na vumbi la pikipiki. Kesho yake kitambaa kinakunjwa kwa uangalifu, kinazungushwa kichwani kwa mikono inayojua kazi yake. Kuweka nguo nyeupe mahali penye matope ni kazi, na watu hawafanyi kazi ya namna hiyo kila juma kwa ajili ya urembo.

Hakuna mnyororo wa kihistoria kati ya Qumran na Dandora, na mhadhara huu haudai hivyo. Kilichotokea ni kwamba Agano Jipya la Kikuyu lilitoka mwaka 1926, na watu wakalisoma wenyewe, bila mmisionari kando. Waliposoma kwamba vijana wataona maono, waliamini. Wakaitwa arathi, manabii. Wakaitwa Watu wa Mungu, nao ndio asili ya Wakorino wa leo. Jomo Kenyatta aliwaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1938. Serikali ya kikoloni iliwaogopa. Februari 1934, polisi walimuua Joseph Ng'ang'a na wenzake wawili katika msitu wa Ndarugu. Mwezi uliotangulia, huko Musanda, magharibi mwa Kenya, Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa vuguvugu la Roho, alikuwa ameteketezwa ndani ya nyumba pamoja na wafuasi wake. Hao ni wafia dini wetu, na vitabu vya shule vinawapita mbio.

Lakini wazee wa Kiyahudi walijua pia kwamba mlango huo una hatari. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, inakataza kulifafanua Gari hata mbele ya mtu mmoja, ila awe na hekima na uelewa wake mwenyewe. Kati ya marabi wanne walioingia bustanini, Ben Azzai alikufa, Ben Zoma akarukwa na akili, Elisha ben Abuya akaiacha imani. Akiva peke yake alitoka salama. Paulo naye aliwaagiza Wakorintho kwamba nabii akinena, wengine wapime. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400 walioambiwa wafunge ili wamwone Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Hapo mfungo ulikatwa kutoka kwa kila kitu kilichoulinda: jamaa, wazee, haki ya kuuliza. Baada ya Shakahola, wako waliotaka kila kesha na kila ndoto vitazamwe kama uhalifu. Lililo haki ni kuirudisha ile kazi ya kupima, maana maono yasiyopimwa ndiyo waliyoyaogopa Akiva na Paulo.

Kazi hiyo inaweza kuanza karibu. Vyuo vya Biblia vilivyoenea kutoka Makadara hadi Komarock vinafundisha Kiyunani kidogo na Kiebrania kidogo. Kigeʽez kinaweza kuwekwa kwenye ratiba, na Eastleigh iko safari fupi ya matatu. Na katika ploti za Kariobangi na Kayole bado wako wazee wa Kikorino waliowasikia arathi wa mwanzo kwa masikio yao wakisimulia ndoto walizoota porini, kwa Kikuyu, wakiwa wamevua viatu. Kinasa sauti kinatosha, na mwanafunzi mwenye subira atakayeketi mkekani.