Kufuli Kabla ya Mafunzo: Bunduki, Nyumba na Mtoto



Mwaka 2001 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa Atlanta, Marekani. Wavulana 64, wenye umri wa miaka 8 hadi 12, waliachwa wacheze kwa makundi madogo katika chumba chenye droo. Katika droo moja ilifichwa bastola ya kweli, isiyo na risasi, na watafiti wakatazama kupitia kioo cha upande mmoja. Wavulana 48 walikuwa katika makundi yaliyoigundua. Kati yao 30 waliishika, na 16 wakavuta kifyatulio. Zaidi ya asilimia 90 ya walioishika au kuifyatua walisema wamewahi kufundishwa usalama wa bunduki.

Hiyo takwimu ya mwisho ndiyo iliyonileta hapa jioni hii.

Tangu 1988 chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, NRA, kimekuwa kikiwafundisha watoto kwa katuni ya tai: simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Maneno ni mazuri, nami sina ugomvi nayo. Ila watoto wa chekechea walipopimwa, waliweza kuyakariri. Walipoachwa peke yao na bunduki, wengi hawakuyafuata. Mtoto ni mdadisi, ndivyo alivyoumbwa. Kumtwika yeye ulinzi wa silaha aliyoinunua baba ni kukwepa wajibu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole.

Wajibu wenyewe ni mwepesi kuueleza: bunduki itolewe risasi, ifungiwe, na risasi zifungiwe kwingine. Utafiti uliochapishwa katika JAMA mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila moja ya hatua hizi iliambatana na upungufu wa ajali na wa vijana kujipiga risasi. Tahadhari moja ya kiufundi: kuchomoa magazini hakutoshi, kwani risasi moja huweza kubaki ndani ya chemba, na bastola nyingi hufyatuka hata magazini ikiwa mezani.

Watu humfikiria mtoto wa miaka mitatu. Mimi humfikiria zaidi kijana wa miaka kumi na sita, aliyevunjika moyo usiku mmoja na anayejua ufunguo uko wapi. Wazo la kujiua mara nyingi huja kwa kishindo kisha likapita. Bunduki haimpi nafasi ya kulisubiri lipite. Kwa hiyo ufunguo nao ni silaha.

Mwenye nyumba atauliza: na mwizi akija? Yapo masanduku yanayofunguka kwa alama ya kidole kwa sekunde chache.

Sheria imesogea polepole. Florida ilitangulia mwaka 1989 kumwajibisha mtu mzima anayeacha bunduki mahali mtoto anapoweza kuifikia. Mwaka 2024, huko Michigan, baba na mama wa kijana aliyewaua wanafunzi wenzake wanne walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Ndugu zetu wanaoishi Marekani wengi hawana bunduki, lakini watoto wao hucheza kwa majirani. Kwetu kumuuliza mwenyeji ana nini chumbani ni utovu wa adabu. Madaktari wa watoto wa huko wanasema uliza, na mimi nawaunga mkono: ulizia mbwa, ulizia bwawa la kuogelea, kisha, kwa sauti ileile, ulizia bunduki na wapi imefungiwa.