Somo la Kompyuta Limfikie na Mama



Mwaka 2005, nchini Kenya, AMREF na Baraza la Wauguzi walianza kuwafundisha wauguzi wenye cheti kwa kompyuta ili wapate diploma. Walisoma bila kuacha wodi zao. Kwetu sisi, ambao kutoka kambini ni hadi kibali, njia hiyo ni mlango uliofunguliwa.

Lakini kompyuta haishiki sindano. Mwanafunzi hana budi kusimamiwa na muuguzi mzoefu kitandani kwa mgonjwa.

Na mama je, mtoto wake akiharisha usiku na pakiti ya ORS haipo? Somo lake ni hili: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari. Kukicha, mtoto apelekwe zahanati.

Kwa hiyo tunawaomba wahisani: masomo yawe kwa Kiswahili na Kirundi, yahifadhiwe ndani ya simu yasomeke bila intaneti, na wahudumu wa afya wawaonyeshe akina mama kwa vitendo, nyumba kwa nyumba.