Matairi ya Gari la Kupanda Mtae



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kuchagua matairi ya gari lipitalo njia mbaya. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi sina gari, jambo hili ni la madereva na mafundi." Sivyo, ndugu yetu. Kabichi zako zikipakiwa, wewe una sehemu katika gari lile. Mgonjwa wako akibebwa usiku, una sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo una haki ya kuinama na kuuliza: Gari hili limevaa viatu gani?

Kwanza na tuitazame njia yenyewe. Kutoka Mombo, chini katika joto la tambarare, barabara ya lami hupanda yapata kilomita 33 mpaka Lushoto. Hupita Soni, nayo hujipinda-pinda, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Kutoka Lushoto hupanda tena mpaka Magamba penye msitu, hufika Lukozi kwenye soko la mboga, kisha huendelea mpaka Mtae, mwisho wa milima, ambako mtu husimama ukingoni akaziona nyika za Mkomazi chini ya miguu yake. Kutoka Lushoto mpaka Mtae ni kama kilomita 60. Penye udongo mwekundu, wakati wa kiangazi huwa ni vumbi na mawe makali. Wakati wa masika, tangu mwezi Machi hata Mei, huwa utelezi kama sabuni. Basi shikeni neno hili: gari moja, katika safari moja, hukanyaga lami, na mawe, na matope.

Sasa tutawasimulia habari ya kikundi cha wakulima wa huko kwetu. Hatutawataja majina, na aibu iliyomo katika habari hii ni yetu sisi zaidi kuliko yao. Wakulima hao walichanga fedha, gunia kwa gunia, wakanunua gari dogo la mizigo, la aina ambayo magurudumu yote manne huvuta. Matairi yake yalikuwa yamechakaa. Wakatujia kutaka shauri, maana sisi ni waalimu, na watu hudhani mwalimu anajua kila kitu. Nasi hatukusema kwamba hatujui. Tulitazama bei. Tulikuta matairi yaliyokwisha kutumika ng'ambo, meusi, yanayong'aa, kashata zake bado ndefu, tukasema, "Chukueni haya, yatawafaa." Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi; nasi methali hiyo tulikuwa tukiifundisha darasani.

Usiku mmoja wa mwezi Aprili gari lilitoka Mtae limejaa kabichi, na sisi tumo ndani, tukirudi kazini baada ya likizo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Katika mteremko mmoja dereva alikanyaga breki polepole, kama ipasavyo, lakini gari halikusikia. Liliteleza kwa ubavu, likagonga ukingo wa juu, likasimama limekingama njiani. Tairi moja la nyuma lilikuwa limepasuka ubavuni. Kabichi zilibingirika zikaingia korongoni. Hakuna aliyeumia, nasi tukamshukuru Mungu.

Lakini baada ya saa moja tuliona taa nyuma yetu. Lilikuwa gari lililompeleka mama mmoja Lushoto, naye ameshikwa na uchungu wa uzazi. Halikuweza kupita. Tulisukuma, tulichimba, tulikata matawi tukayatandika, hata tukachoka. Mama yule akapelekwa katika nyumba ya watu wema kando ya njia, na huko akajifungua kabla ya mapambazuko. Mama na mtoto walisalimika. Asubuhi mzee mmoja wa kikundi alikaa karibu nasi juu ya jiwe, akatuambia kwa upole, "Mwalimu, vitabu umesoma, lakini tairi hukulisoma."

Neno hilo lilituingia moyoni. Tukaenda kwa fundi wa matairi, tukakaa chini kama mtoto wa darasa la kwanza, tukafundishwa kusoma. Haya ndiyo tuliyofundishwa.

Jambo la kwanza ni uso wa tairi. Vile vipande vya mpira vilivyoinuka, ambavyo mafundi huviita kashata, si pambo. Tairi la barabara kuu huandikwa H/T. Kashata zake zimekaribiana, na mifereji yake ni myembamba. Juu ya lami ni tulivu, na breki zake hushika vizuri. Lakini likiingia katika udongo wa mfinyanzi, mifereji ile hujaa mara moja, na tairi huwa kama chungu kilichopakwa matope: hakuna cha kushika. Ndivyo yalivyokuwa matairi tuliyoyasifu sisi.

Tairi la matope huandikwa M/T. Kashata zake ni kubwa, na nafasi kati yake ni pana, ili gurudumu likizunguka liutupe udongo na kushika upya. Baada ya ajali ile vijana wa kikundi walisema, "Tununue haya, tena makubwa kabisa." Yakanunuliwa. Kweli, matopeni yalikwenda kama nguruwe mwitu. Lakini yalikuwa makubwa mno, hata yakawa yanakwaruza bati la gari kila dereva alipokata kona. Na mpira unaogusa lami ni mchache, kwa sababu nafasi ni nyingi. Siku moja ya mvua, kati ya Soni na Mombo, dereva alikanyaga breki nyuma ya basi, na gari likasimama dhiraa moja tu kutoka basi lile. Dereva alishuka, akakaa kando ya barabara muda mrefu bila kusema neno. Tena matairi yale yaliliwa na lami upesi sana.

Katikati ya hayo mawili lipo tairi la njia zote, nalo huandikwa A/T. Kashata zake ni za kadiri, na mifereji yake ni mipana kiasi cha kujisafisha, lakini mpira wa kutosha hugusa lami. Halilishindi la matope katika matope mazito, wala halilishindi la barabara katika barabara. Lakini safari ya Mtae si ya matope tu wala ya lami tu. Kwa gari lishukalo mpaka Mombo na kurudi, tairi la namna hii ndilo lifaalo. Yule ambaye gari lake halitoki shambani, na achague la matope. Yule asiyeiacha lami, na achague la barabara. Kila mtu na apime njia yake yote, asiipime kwa ile sehemu moja iliyomwogopesha.

Jambo la pili ni maandishi ya ubavuni. Tuseme umeona 265/70R16 112S. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 70 ina maana kwamba kimo cha ubavu ni sehemu 70 katika 100 za upana huo. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hata wa pili. Tairi la kizamani, ambalo nyuzi zake hupishana kwa mshazari, huandikwa kistari, kama 7.50-16. Usichanganye aina hizo mbili katika ekseli moja. Hiyo 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi S yaonyesha kwamba tairi limetengenezwa kustahimili mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa, mwendo ambao hakuna mtu mwenye akili atakayeutafuta katika milima yetu.

Lakini tuliyoirukaruka sisi ni ile 112. Hiyo ni namba ya uzito, nayo maana yake ni kwamba tairi moja laweza kubeba kilo 1,120, likiwa limejazwa upepo wake kamili. Sasa, wanafunzi, fanyeni hesabu. Gari la mizigo likijazwa, uzito mwingi hukaa nyuma. Kama ekseli ya nyuma yabeba kilo 2,200, kila tairi la nyuma labeba kilo 1,100. Zimebaki kilo 20 tu. Akija jamaa kuomba apakiziwe gunia moja la viazi la kilo 100, kila tairi litabeba kilo 1,150, nalo limekwisha kupita kipimo chake. Wakulima wetu sasa hutafuta lenye namba 121, ambayo ni kilo 1,450, nalo huwa na ubavu mnene usiokatwa upesi na mawe. Hata hivyo tairi lenye nguvu haliongezi nguvu ya gari. Uzito ulioruhusiwa na waliolitengeneza gari ubaki ule ule.

Jambo la tatu ni umri. Tafuta ubavuni herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Kama ni 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, liache. Mpira huzeeka hata kama hautembei: hukauka, hupasuka mistari midogo, na hukosa mshiko. Tairi la miaka kumi halifai kusafiri, ijapokuwa kashata zake ni ndefu. Matairi yale tuliyowashauri jamaa zetu wayanunue yalikuwa na zaidi ya miaka kumi na miwili. Weusi uliotupendeza ulikuwa ni dawa ya kupaka.

Jambo la nne ni upepo. Zamani huko Belfast, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Tangu hapo yafaa tukumbuke kwamba kinachobeba mzigo si mpira peke yake, bali ni upepo uliomo ndani yake. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi mlangoni pa dereva. Pima asubuhi, tairi likiwa la baridi. Anayejaza Mombo saa nane mchana, matairi yakiwa ya moto, akilala Mtae atayakuta alfajiri yamepungua, hali hayana pancha. Katika matope, dereva mwenye ujuzi aweza kupunguza kidogo, kama vile kutoka upepo 35 hata 25, ili tairi litandike na kushika zaidi. Lakini na aende polepole, tena ajaze tena kabla ya kurudi penye lami, maana tairi legevu lenye mzigo hupata moto likapasuka.

Mwisho, matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na aina moja, hasa katika gari ambalo magurudumu yote huvuta. Yasipolingana, mitambo ya ndani hushindana na kuvunjika. La akiba nalo liwe zima kama mengine. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha kashata kuwa milimita 1.6, lakini matopeni kikomo hicho ni kidogo mno. Zikipungua chini ya milimita 4, anza kuweka akiba ya fedha. Tumbukiza njiti ya kiberiti katika mfereji, uitie alama kwa ukucha, kisha uipime kwa rula ya mwanafunzi. Tairi kipara halina rafiki.

Wakulima wale sasa wanatumia matairi ya njia zote. Waliyanunua mapya, mawili mawili, kwa fedha za misimu miwili. Na kabla ya kutia saini risiti, mzee yule alimwita mjukuu wake, mwanafunzi wa shule, amsomee maandishi ya kila tairi kwa sauti, naye akisikiliza huku amefumba macho. Sisi tulisimama nyuma, tukanyamaza. Gari hilo lingali lateleza mara moja moja, maana hakuna tairi liwezalo kuushinda mlima wenyewe mvua inaponyesha. Siku ambazo njia imeharibika kabisa, dereva hukataa kuondoka, na hakuna amlaumuye.

Basi ndugu zetu, ninyi mnaojua kusoma, msisome vitabu tu. Kesho gari likisimama sokoni, inameni, msome. Na mkiulizwa shauri msilolijua, semeni, "Hatujui, twende tukaulize." Lau sisi tungalisema hivyo, mama yule angalifika Lushoto.