Kipimo cha Oili kwa Pikipiki za Zamani za Mipigo Miwili

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata katika mafunzo ya matunzo ya vyombo vya usafiri



Katika kata nyingi bado zinaonekana pikipiki za zamani zenye mlio mkali na moshi wa samawati: Yamaha AG100 iliyokuwa ikimbeba bwana shamba, Vespa aliyoirithi mtu kwa babu yake, pengine hata BSA Bantam inayofufuliwa polepole chini ya mwembe. Pikipiki hizo zina dai ambalo bodaboda nyingi za leo hazina: kila litra ya petroli inayoungua ndani yake lazima iambatane na oili yake. Swali linalozua ubishi katika kila gereji ni hili: oili kiasi gani?

Wapo wanaoibana oili ili kuokoa fedha. Wapo pia wanaoimimina kwa kukisia, wakiamini kwamba ikizidi haina madhara. Wote wawili hukosea, na gharama ya kosa hilo aghalabu ni injini nzima. Wakati mwingine ni uhai wa mtu.

Kwa nini oili huchanganywa

Injini ya mipigo minne ina akiba yake ya oili, ambayo huzunguka ndani ya injini na kurudi ilikotoka. Injini ya mipigo miwili haina akiba hiyo. Chumba cha chini, penye kranki, ndicho kinachovuta hewa na petroli na kuzisukuma juu kwenye silinda. Hakiwezi kujazwa oili. Kwa hiyo oili husafiri pamoja na petroli, hulainisha beringi, pistoni na ringi, kisha huungua na kutoka kwa ekzosi. Hairudi tena.

Oili ikipungua, pistoni hupata joto kupita kiasi, hutanuka na kuuma ukuta wa silinda. Hapo injini hukwama au, kama mafundi wasemavyo, hunoki. Ikitokea chombo kikiwa katika mwendo, gurudumu la nyuma huweza kufunga ghafla na kumwangusha dereva pamoja na abiria wake. Dereva anayehisi injini inapoteza nguvu ghafla na mlio wake unabadilika na kuwa mzito, avute klachi papo hapo, kisha asimame pembeni. Asiiwashe tena mpaka ipoe na chanzo kijulikane.

Oili ikizidi, madhara huja polepole. Plagi hulowa, masizi huziba ekzosi, na moshi huwasumbua walio nyuma na walio kando ya barabara. Lipo pia jambo ambalo wengi hawalitazamii. Jeti ya kabureta hupitisha kiasi maalumu cha mchanganyiko. Kadiri oili inavyokuwa nyingi ndani yake, ndivyo petroli inavyopungua. Hewa huzidi petroli, na injini huchemka. Aliyeongeza oili kwa hofu ya joto huenda akaliongeza joto hilo hilo. Dawa ikizidi kipimo huwa sumu.

Kipimo hutegemea mashine

Hakuna kipimo kimoja kwa pikipiki zote. BSA Bantam ilitoka Uingereza mwaka 1948, ikifuata muundo wa DKW RT 125 ya Ujerumani. Kwa injini za kizazi hicho, kipimo cha kawaida kilikuwa sehemu 20 hadi 25 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, kwa kuwa oili za wakati ule zilikuwa duni kuliko za leo. Vespa za miaka ya mwanzo zilihitaji oili ya asilimia 5. Zile zilizofuata, baada ya injini kubadilishwa muundo, zilihitaji asilimia 2 tu. Mwenye Vespa asiyejua toleo la chombo chake anaweza kukosea kwa zaidi ya mara mbili.

Mwaka 1964 Yamaha ilileta mfumo wa Autolube, ambamo pampu ndogo huchota oili kutoka tangi lake yenyewe. AG100 ina mfumo huo. Pampu ikiwa nzima, petroli haichanganywi na chochote. Kazi ya mwenye chombo ni kuhakikisha tangi la oili halikauki. Lakini baadhi ya pikipiki kuukuu zimeng'olewa pampu na mafundi waliotangulia. Anayenunua AG100 iliyotumika amwulize muuzaji swali hilo kabla ya yote, na fundi aifungue athibitishe kwa macho. Kuendesha bila pampu na bila kuchanganya ni kuiua injini katika safari fupi.

Kwa kila litra 1 ya petroli, hesabu ni hii:

Sehemu 20 kwa 1: mililita 50 za oili.
Sehemu 25 kwa 1: mililita 40.
Sehemu 32 kwa 1: mililita 31.
Sehemu 40 kwa 1: mililita 25.
Sehemu 50 kwa 1: mililita 20.

Kitabu cha mtengenezaji, au maandishi yaliyo kwenye chombo chenyewe, ndiyo hakimu wa kwanza. Panapotumika oili bora ya kisasa, wamiliki wengi wa pikipiki zilizoandikiwa sehemu 20 au 25 huenda hadi 32. Hata hivyo, kurukia 50 kwa injini ya kale ni hatari, hasa ile ambayo pini ya pistoni hukaa katika bushi ya shaba na si beringi. Injini iliyowekewa pistoni mpya huongezewa oili kidogo kwa safari za mwanzo, bila kupakiwa mzigo mzito.

Oili ipi, na ichanganywe vipi

Oili inayofaa ni ile iliyoandikwa kuwa ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, yenye alama ya JASO FB, FC au FD. FC na FD hutoa moshi mdogo zaidi. Oili ya mipigo minne haifai, kwani ikiungua huacha majivu kwenye plagi na pistoni. Oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3 nayo imeundwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, ambazo hazifikii joto la pikipiki.

Kizibo cha chupa si kipimo. Bomba jipya la sindano la mililita 20, lisilo na sindano yake, linatosha: bomba moja kwa litra ni sehemu 50, mabomba mawili ni sehemu 25. Likishatumika kwa oili, lisirudi kamwe kwenye matumizi ya binadamu. Tia nusu ya petroli katika dumu safi, ongeza oili, tikisa vizuri, kisha malizia petroli iliyobaki na utikise tena. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto na watoto. Mchanganyiko uliokaa siku nyingi utikiswe kabla ya kutumika.

Katika mteremko mrefu, pikipiki ya kuchanganya inayoshuka huku mkono wa mafuta umefungwa hukosa petroli, na kwa hiyo hukosa oili, wakati kranki inazunguka kwa kasi. Dereva afungue mafuta kidogo mara kwa mara.

Baada ya safari ya kawaida, plagi ifunguliwe. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Nyeusi na yenye unyevu huashiria oili au petroli iliyozidi. Nyeupe huashiria joto, na chombo hicho kisipakie mtu mpaka fundi akikague.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mililita chache zilizopimwa kwa uangalifu leo ni nafuu kuliko silinda mpya kesho, na ni nafuu mno kuliko maisha ya abiria aliyepanda nyuma akimwamini dereva.