Salamu za Kiarabu kwenye Dawati la Mapokezi

Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wahudumu wa afya na ofisi za umma

Wahudumu wenzangu wa Kakuma na Kalobeyei, ejok.

Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, watu wanaozungumza Kiarabu wamezidi kufika kwetu. Mama anakuja kliniki na mtoto mwenye homa. Hajui Kiswahili, Kiingereza wala Kiturkana. Ukimwonyesha benchi tu kwa kidole, atakaa kimya, na anayekaa kimya ndiye anayesahaulika kwenye foleni.

Mimi si mwalimu wa lugha. Nataka muondoke na maneno machache tu. "Assalamu alaikum" mnaijua, na jibu lake pia. Asubuhi sema "sabah al-kheir", naye atakujibu "sabah an-nur". Hapo mmeshasikia kheri na nuru, maneno yenu wenyewe. Kumjulia hali mwanamume ni "keif halak", mwanamke "keif halik". Wageni wa Sudan Kusini, wengi wao Wakristo, watafurahia zaidi "salaam taki" ya Kiarabu cha Juba. Nanyi wanaume, msimnyooshee mama mkono kabla yeye hajanyoosha wake. Weka kiganja kifuani, inatosha.

Dawa, homa na damu mtaelewana hata akitamka kwa namna yake. Ila undugu huu wa maneno una mitego. Akisema "marhaba", hajaitikia shikamoo, anakusalimu. Ukimwambia "tafadhali" ukitaka kadi yake, anaweza kudhani unamkaribisha apite. Kuomba ni "min fadlak", kwa mwanamke "min fadlik".

Mtego mbaya zaidi ni saa. Sita, saba na tisa tulizitoa kwenye Kiarabu, lakini sisi tunahesabu kuanzia macheo. Mwambie arudi saa tisa kwa chanjo, atafika saa tatu asubuhi na kushinda juani na mtoto. Mwambie saa saba, huenda akaja jioni mlango umefungwa. Kisha tunalalamika kwamba wageni hawa hawajali muda! Andika 13:00 kwenye kadi, halafu umwonyeshe kwenye mishale ya saa ya ukutani.

Sasa kila mmoja amgeukie jirani yake. Walio upande wa dirisha ni wageni, wa upande wa mlango ni wahudumu. Ni asubuhi, na mgonjwa anatakiwa arudi saa saba.