Mtoto Mwizi na Kalamu ya Askari



Katika makazi ya Lobule, wilayani Koboko, yaliyofunguliwa mwaka 2013 kwa wakimbizi kutoka Kongo, kuku aliyeibwa si jambo dogo. Mwenye kuku ana haki ya kudai mali yake. Lakini ikiwa mwizi ni mtoto, Sheria ya Watoto ya mwaka 1996 imeweka njia ya kufuatwa, na hatua ya kwanza imo mikononi mwa askari.

Mtoto wa chini ya miaka 12 hashitakiwi. Aliyetimiza umri huo na hajafika miaka 18, polisi aweza kumwonya na kumwachilia. Ikilazimu kumshika, mzazi au mlezi aarifiwe mara moja, mtoto asizuiliwe kituoni kupita saa 24, wala asichanganywe na watu wazima.

Kesi ya wizi yaweza kusikilizwa na mahakama ya halmashauri ya kijiji. Hiyo huamuru mapatano, fidia, mali irudishwe, mtoto aombe radhi au apewe onyo. Haina mamlaka ya kumpeleka mahabusu. Ikifika kwa hakimu wa Mahakama ya Familia na Watoto, kesi husikilizwa faraghani. Hata hapo, kuzuiliwa ni njia ya mwisho. Kwa wizi, asiyefika miaka 16 hazuiliwi zaidi ya miezi 3, na aliyepita hapo, zaidi ya miezi 12.

Haya yote hutegemea jambo moja: umri ulioandikwa katika kitabu cha kituo. Mtoto aliyekimbia vita huenda hana cheti cha kuzaliwa. Askari akikisia tu na kuandika miaka 18, mvulana wa miaka 15 aweza kujikuta gerezani pamoja na wezi waliokomaa, na huko akafundishwa kazi ambayo hakuijua. Basi aulizwe mama, aulizwe mwenyekiti wa kijiji, itazamwe karatasi ya ukimbizi. Shaka ikibaki, mahakama ndiyo itakayopima.

Naye mwanajeshi akimkamata mtoto karibu na kambi, amkabidhi kwa polisi bila kumpiga. Fimbo hairudishi kuku. Mwenye mali hupata haki yake pale mtoto anaposimama mbele ya wazee wa kijiji, akakiri na kulipa.